Damu ilikata, usiku ikaanza tena: je, kijana atahiriwe Agosti?

Swali limetoka kwa mama anayekaa Kisumu, ameolewa upande wa Webuye. Nalifupisha. Kijana wake wa miaka 11 aling'olewa jino la nyuma, damu ikakata vizuri pale pale kwenye kiti, wakapewa bandeji ya kuuma wakaenda zao. Usiku wa manane mtoto akaamka mto wote umelowa. Ikawa inatoka inakata, inatoka inakata, siku mbili nzima, mpaka wakarudi akashonwa, na wakaambiwa labda alikuwa anachokora kidonda na ulimi. Sasa babu yake amesema kijana atatahiriwa Agosti hii na wenzake wa rika, nyanya anasema mtoto ana damu nyepesi apewe maini, jirani ameleta dawa ya majani. Mama anauliza damu huwa inagandaje kwani, kuna shida ama ilikuwa bahati mbaya tu, na afanye nini kabla Agosti haijafika.

Mama, pole kwanza na huo usiku. Mimi ni mtu wa maabara huku Nakuru, kazi yangu ni kukaa na damu za watu nikiangalia zinaganda ama zinakataa, kutibu sitibu, kwa hivo pale mambo ya daktari yanapoanzia nitakuachia daktari.

Jibu fupi ni kwamba asiguswe na kisu, cha ngariba wala cha hospitali, mpaka apimwe vile nitakueleza huko mbele. Sijasema ana ugonjwa. Lakini kwa hadithi yako kuna kitu kimoja kilinifanya niweke kikombe cha chai chini, na sio zile siku mbili, manake siku mbili za damu ya jino zinaweza kumpata hata mtoto mzima kabisa akisukutua mdomo sana ama akinywa chai moto mapema. Ni hiyo ya kukata vizuri, mkafika nyumbani, mtoto akalala, halafu baada ya saa kadhaa ikaanza yenyewe bila kuguswa. Kujua kwa nini hiyo inanisumbua inabidi tuanze pale mshipa unapokatika.

Mshipa ukikatika kitu cha kwanza unajikaza wenyewe. Hiyo ni ya sekunde tu, na inapunguza damu, haimalizi. Baridi huwa inaongeza kujikaza huku, kumbuka hapo manake nitarudia.

Halafu pale ukuta wa ndani umepasuka kunabaki nyuzi za kolajeni wazi, kitu ambacho damu ikiwa ndani ya mshipa mzima haikutani nacho. Ndani ya damu kunazunguka proteini moja ndefu sana inaitwa fakta ya von Willebrand, upande mmoja inashika ile kolajeni na upande mwingine inadaka plateleti zikipita. Jina ni la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, mwaka 1926 aliandika kuhusu familia moja ya visiwa vya Åland ambayo wanawake kwa wanaume walikuwa wanatoka damu kupita kiasi, na binti mmoja wa hiyo familia alikuja kufa akiwa na miaka 13 kwa damu ya hedhi. Namtaja huyo binti kwa sababu watu wanadhani magonjwa ya kutoka damu ni ya wavulana peke yao.

Plateleti sio seli kamili, ni vipande vinavyomeguka kutoka seli kubwa za kwenye uboho wa mifupa. Kwa mikrolita moja ya damu, yaani katone hata jicho linakakosa, mtu mzima wa afya ana kati ya 150,000 na 450,000, na kila moja inaishi siku 7 hadi 10 halafu inabadilishwa. Ikidakwa inavimba, inatoa mikono, inamwaga kemikali za kuita zingine, zingine zinakuja zinashikana, na ndani ya dakika chache tundu limezibwa. Mtoto wako akiwa kwa kiti cha daktari wa meno hapo ndio mlikuwa. Imezibwa, kila mtu amefurahi, nendeni nyumbani.

Shida ni kwamba hicho kizibo cha kwanza ni kilegevu. Wewe umeolewa Bukusuni, nyumba ya kukandika unaijua. Plateleti ni matope. Matope peke yake unaweza kuyasimamisha yakaonekana ukuta, yakapendeza hata, mvua ya kwanza ikigonga yanaporomoka, manake hakuna fito ndani. Fito za damu ni nyuzi zinaitwa fibrini, na kuzitengeneza ndio ile kazi ndefu ambayo wanafunzi wa maabara hulia nayo usiku kabla ya mtihani.

Fibrini haikai tayari kwa damu, ingekaa tungekuwa tumeganda sote tukitembea. Kinachokaa ni fibrinojeni, imeyeyuka, imetulia, ini ndilo huitengeneza. Kuna kimeng'enya kinaitwa thrombini ambacho kazi yake ni kukata ncha za fibrinojeni, na zikikatwa tu zinaanza kuungana zenyewe kuwa nyuzi. Thrombini nayo haikai tayari, lazima iamshwe, na ya kuiamsha lazima nayo iamshwe, na hivo hivo kurudi nyuma. Hizo za kuamshana ndio zinaitwa fakta, zimepewa namba za Kirumi kutoka I mpaka XIII, na ukihesabu utapata VI haiko, walidhani wameipata kumbe ilikuwa ni V ikiwa imeshaamshwa, wakaiondoa na namba ikabaki wazi mpaka leo.

Kinachoanzisha ni proteini ya nje ya mshipa, iko kwenye nyama yenyewe, ikikutana na damu inashikana na fakta VII na hapo thrombini kidogo inapatikana. Kidogo sana, haitoshi kujenga nyuzi za maana. Lakini hiyo kidogo inarudi nyuma kuamsha fakta VIII na XI na V, na ndio VIII na IX zikishirikiana juu ya mgongo wa plateleti zinaamsha X kwa wingi, na hapo sasa thrombini inamwagika kweli kweli, fibrini inajaa, fakta XIII inakuja inazifunga hizo nyuzi zisifunguke. Kalsiamu inahitajika karibu kila hatua. Vitamini K nayo ndio ini hutumia kukamilisha II, VII, IX na X, na K ni ya neno la Kijerumani la kuganda, Mdenmaki Henrik Dam aliyeigundua alipata Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy. Ile sindano mtoto wako alidungwa pajani siku aliyozaliwa ni hiyo.

Sasa rudi kwa usiku wako. Mtu akikosa fakta VIII ama IX, plateleti zake ziko sawa, mshipa unajikaza sawa, hata ile thrombini kidogo ya mwanzo anaipata. Kwa hivo akikatwa damu INAKATA. Kinachokosa ni ule mmwagiko wa pili, kizibo kinabaki matope bila fito, na baada ya saa kadhaa mishipa ikilegea, mate yakifanya yake, kinaachia. Na mdomo ni mahali pabaya zaidi kwa hili, manake mate na ngozi ya ndani ya mdomo vina kemikali za kuyeyusha fibrini, kwa hivo kizibo dhaifu ambacho kingevumilia kwa kidole, kwa fizi hakimalizi usiku. Wengi wenye himofilia nyepesi, ndio huo ugonjwa wa kukosa fakta VIII ama IX, hugunduliwa hivi, kwa jino ama kwa tohara, miaka mingi wakiwa wanaonekana wazima.

Ikiwa shida ni ya plateleti zenyewe ama von Willebrand picha huwa tofauti. Damu inakataa kukata tangu mwanzo, inachirizika, pua inatoka bila sababu, fizi ukipiga mswaki, vidoti vyekundu kwa ngozi kama vimechorwa na kalamu, na kwa wasichana hedhi ya kupita siku 7 ama pedi inalowa kila saa. Ya fakta inajificha ndani, goti linavimba na kuuma baada ya kuanguka kidogo, sindano ya paja inaacha bonge, akigonga paja kwa dawati anavilia alama kubwa isiyo na maana na vile aligonga. Sio sheria ya kuapa, inaingiliana, lakini kaa chini ukumbuke. Alipokuwa anajifunza kutambaa magoti yalikuwa yanavilia? Chanjo za utotoni, paja lilivimba? Andika kwa karatasi, daktari atataka hiyo karatasi kuliko maelezo ya haraka haraka mlangoni.

Na kuna swali la kwenu. Sio kwao Webuye, kwenu wewe. Himofilia A, ya kukosa fakta VIII, hupata karibu mvulana 1 kwa kila 5,000 wanaozaliwa, na B, ya fakta IX, ni adimu zaidi, na zote mbili zinabebwa kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anapewa na mama peke yake. Mama anaweza kubeba bila kujua, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata na kila binti nusu kwa nusu ya kuibeba. Kwa hivo anayeulizwa ni mjomba. Vile kijana ataenda kwa khocha, yaani mjomba kwa Kibukusu, kualika na kuvishwa ile nyama shingoni, wewe tangulia na swali, kuna ndugu yako ama mjomba wako mwenyewe aliyewahi kutoka damu siku nyingi, ama alifariki mdogo kwa kidonda cha kawaida, ama huyo wa kutembea akichechemea goti halijawahi kueleweka? Halafu wewe mwenyewe, hedhi zako zilikuwaje, ulipojifungua ulitoka damu nyingi? Mbebaji anaweza kuwa na fakta ya chini na yeye atoke damu vizuri tu, wanawake wengi wameambiwa ni maumbile yao.

Usilaumiwe na mtu lakini. Karibu theluthi moja ya himofilia huja bila historia yoyote kwa familia, mabadiliko mapya tu. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji, akaisambaza kwa nyumba za kifalme za Ulaya mpaka kwa mtoto wa mfalme wa mwisho wa Urusi, na juu yake kwa ukoo hakuna anayejulikana alikuwa nayo. Mwaka 2009 ndio vipimo vya mifupa ya hiyo familia ya Urusi vilionyesha ilikuwa himofilia B.

Kabla sijakutia wasiwasi bure, vitu vingine vinaweza kueleza usiku huo. Kama alikuwa amemeza aspirini ama Brufen kwa maumivu ya jino hilo ni jibu kubwa, aspirini inalemaza plateleti kwa maisha yao yote, zile siku 7 hadi 10, Brufen inalemaza kwa muda mfupi. Kisumu mko na malaria, na malaria mara nyingi hushusha plateleti, ingawa kutoka damu kwa sababu hiyo sio kawaida na zinapanda zenyewe akitibiwa, kwa hivo kama alikuwa na homa wiki hiyo sema. Ini likiumwa fakta zinashuka. Na von Willebrand yenyewe ndiyo ya kurithi iliyo ya kawaida zaidi katika hizi zote, hupata wavulana na wasichana sawa, sikuiweka nyuma kwa sababu ni ndogo.

Hiyo ya damu nyepesi, nyanya ana nia njema na maini mpe, yana madini ya chuma yatamrudishia damu aliyopoteza. Lakini kutoganda sio wepesi. Damu ya mwenye himofilia ukiimimina iko uzito sawa na yako, ina rangi ile ile, hakuna chakula cha kuleta fakta VIII. Na vitamini K mtoto wa kula sukuma na kunde na mrenda haikosi. Dawa ya majani ya jirani isimamishe tu kwanza, kwa heshima, manake hatujui iko na nini ndani na inaweza kuharibu majibu.

Sasa vipimo, hapa ndio kwangu.

Usikubali kupimwa kwa kutobolewa kidole na kuhesabu dakika ukaambiwa yuko sawa. Unataka hesabu kamili ya damu ili tuone plateleti, na vipimo viwili vya kuganda, PT na aPTT, vya kuhesabu sekunde ambazo damu inachukua kuganda. Hesabu inaenda kwa chupa ya kifuniko cha zambarau, za kuganda zinaenda kwa ya bluu. Hiyo ya bluu iangalie kwa macho yako. Ndani kuna sitreti, inakamata kalsiamu yote ndiyo damu isigande njiani, na imepimwa kwa sehemu 1 ya sitreti kwa 9 za damu, kuna mstari, damu lazima ifike kwa huo mstari. Ikijazwa nusu sitreti inakuwa nyingi kuliko damu na sisi tunapata mgonjwa wa kubuni, sekunde zimerefuka kumbe mtoto ni mzima. Mtoto akilia na mshipa ukigoma mtu hutaka kupeleka hivo hivo ilimradi amepata kitu. Sema kwa upole, daktari, si ijae mpaka kwa mstari.

Tunazungusha chupa kwa mashine, tunachukua plazma ya manjano iliyokaa juu, tunaongeza kianzisho, tunarudisha kalsiamu na kuhesabu sekunde mpaka nyuzi zitokee. PT ya kawaida iko kwa sekunde 11 mpaka 13 na kitu, aPTT 25 mpaka 35 hivi, kila maabara na viwango vyake kwa hivo soma vile vya kwa karatasi yenu. PT ikiwa sawa, plateleti sawa, aPTT imerefuka, kwa mvulana mwenye hadithi kama yenu tunaanza kufikiria VIII na IX. Tunachanganya plazma yake nusu na ya mtu asiye na shida nusu tunapima tena, ikirudi kawaida basi kuna kitu alikuwa anakosa na tumemuazima, ikikataa kuna kitu kinazuia.

Lakini sikiza hapa vizuri manake ndipo watu huachiliwa wakaenda kukatwa. aPTT inaweza kutoka SAWA KABISA na mtoto ana himofilia nyepesi, ama von Willebrand. Kipimo hakishtuki mpaka fakta ishuke chini ya kama asilimia 30 au 40. Kawaida ya mtu ni 50 mpaka 150. Himofilia kali ni chini ya 1, ya kati ni 1 mpaka 5, nyepesi ni 5 mpaka 40, na huyo wa 35 anaweza kukaa na aPTT nzuri ya kufurahisha. Kinyume chake pia kipo. Kulikuwa na Mmarekani John Hageman, mfanyakazi wa reli, miaka ya 50 walipata damu yake kwa chupa ya glasi inachukua muda mrefu ajabu kuganda, na yeye maisha yake yote hajawahi kutoka damu vibaya. Alikosa fakta XII, ambayo glasi huiamsha lakini kidonda hakiihitaji, na mwishowe alikufa na bonge la damu lililoenda kwa mapafu. Kwa hivo hadithi ya mtoto ina uzito kuliko sekunde zangu. Kwa hadithi yako wewe omba viwango vyenyewe, fakta VIII, fakta IX na von Willebrand, hata kama aPTT iko sawa.

Hivyo vya mwisho sio kila mahali. JOOTRH, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, anzia, uliza wanafanya vipi na wanatuma vipi. MTRH, hospitali ya rufaa ya Moi pale Eldoret, kuna kiliniki ya himofilia na wale watu wamezoea mambo haya, na kutoka Webuye sio mbali. Ushauri wangu ni aende mtoto, isiende chupa. Plazma ya aPTT inataka kupimwa ndani ya saa 4 hivi, fakta VIII huharibika ikikaa, na chupa iliyopanda matatu asubuhi ikashinda kwa joto mpaka jioni inatuambia habari za matatu. Fakta VIII na von Willebrand pia hupanda mtu akiwa na homa ama hofu kubwa, ndio maana wanaweza kuwaambia mrudi kurudia hata zikiwa sawa, msichoke.

Ikipatikana ni himofilia, tohara haijafutwa. Inafanywa hospitali, wanampandishia fakta kwanza kwa sindano ya mshipa, wanampa asidi ya traneksamiki kuzuia kizibo kisiyeyushwe mapema, na wanamfuatilia siku kadhaa baadaye, sio ile saa moja ya kwanza. Hiyo dawa ilitengenezwa Japani na Utako Okamoto na mumewe, wakaitangaza mwaka 1962, wakiwa wanatafuta kitu cha kusaidia wanawake wanaotoka damu wakijifungua, na baada ya nusu karne ndio utafiti mkubwa wa akina mama kama 20,000 ukaonyesha mwaka 2017 kwamba walikuwa sahihi, ikitolewa ndani ya saa 3.

Kwa babu usiende na neno himofilia, hutatoboa. Mwambie hivi. Asubuhi ile ya kutahiriwa kijana anatoka mtoni amepakwa tope la baridi, mishipa ya ngozi imejikaza, ngariba anakata, kijana amesimama imara, damu kidogo, vigelegele. Hata mwenye himofilia anaweza kupita hapo vizuri na kila mtu akasema tumewaambia. Saa nane mchana mwili umepata joto, wageni wako kwa chakula, na nguo inaanza kulowa, na sasa mko ndani kijijini mnatafuta gari. Ni kama jino tu, babu alikuwa anajua ya jino? Wazee wengi wakielezwa kwamba ni kusubiri majibu na sio kukataa mila wanaelewa, na siku hizi wako watoto wengi tu wanaokatwa hospitali wakarudi nyumbani kumalizia sherehe.

Mpaka majibu yatoke, mtoto asimeze aspirini, Brufen, wala diclofenac. Maumivu ni Panadol. Asidungwe sindano ya nyama, makalio ama paja, bila kumwambia muuguzi hadithi, na akidungwa lazima basi pabanwe dakika 5 ama zaidi bila kusugua. Akigonga kichwa vibaya nenda hospitali hata kama hakuna damu ya kuonekana na anacheza, usisubiri atapike.

Jino likianza tena usiku, usimsukutulishe. Utapata kumetokea bonge laini jeusi jeusi linaning'inia, watu huliacha wakidhani ndio dawa, hilo halizibi kitu, litoe kwa kitambaa safi, kunja bandeji iwe nene, iweke juu ya shimo lenyewe na aume kwa nguvu dakika 30 bila kufungua kuchungulia. Kama una kile kimfuko cha majani ya chai (tea bag) kinaweza kusaidia kukaza fizi, lakini kinachofanya kazi ni kule kuuma. Pua ni akae ameinama mbele, abane pale kwa nyama laini chini ya mfupa dakika 10 hadi 15 kwa saa ya ukutani, kuinua kichwa juu ni kumnywesha damu yake tu.

Na kidonda chochote kikubwa, chake ama cha mtu wa boda aliyeanguka barabarani, ni kubana. Leso safi, kiganja, uzito wa mwili wako, juu ya pale damu inatokea. Ikilowa ongeza nyingine juu usitoe ya kwanza, utang'oa kizibo kilichokuwa kinajengwa. Kitu kimedungwa ndani usikichomoe. Mguu ama mkono ukiwa unaruka damu na kubana kumeshindwa ndio unafunga kitambaa kipana upande wa juu wa kidonda kuelekea mwilini, sentimita 5 hivi kutoka kwa kidonda chenyewe, sio kwenye kiungo, unakaza mpaka ikome, na unaandika saa. Mfunike blanketi, mwili baridi damu haigandi vizuri, na hii sio ile baridi ya kukaza ngozi, ni mwili mzima kupoa, hapo zile fakta zote zinachoka kazi. Majivu, kahawa, sukari, tumbaku, mafuta ya taa, hapana. Ukiona yamefanya kazi ni kwa sababu aliyeweka alikuwa amebana na mkono, na yanaweza kuacha pepopunda nyuma.

Siku ya kwenda kupimwa beba ile karatasi ya historia, kadi ya chanjo ukiwa nayo, na jina la dawa yoyote aliyomeza siku 10 zilizopita. Kama yuko na dada mkubwa na hedhi zake ni nzito nenda naye siku hiyo hiyo, na wewe mwenyewe omba upimwe fakta VIII na IX, mkitoka mtatoka mkijua kama mnatafuta kwa kijana peke yake ama kwa nyumba nzima.